Kukaa Trieste, kutembea Carso: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka wapo watu wanaokuja Trieste kwa masomo, kwa semina ya wiki mbili au kwa mapumziko, wengine kutoka Dar es Salaam na Nairobi, wengine wakitokea kwa ndugu zao London au Muscat. Wakishafika huuliza yale yale: twende wapi, tupande nini, tuvae nini. Majibu haya yameandikwa kwa mtu anayetaka kuufanya mji huu kambi yake, atoke asubuhi kwa miguu, kwa basi au kwa baiskeli, na jioni arudi kulala pale pale. Saa zote zimetajwa kwa hesabu ya Kiswahili.

## Kwa nini Trieste, wakati Italia ina miji mingi ya pwani?

Kwa sababu ya jinsi ardhi ilivyokaa. Trieste iko kwenye kona ya juu kabisa ya bahari ya Adriatiki, na nyumba zinapoishia, nchi inapanda ghafla hadi kwenye uwanda wa mawe ya chokaa uitwao Carso, zaidi ya mita 300 juu ya bahari. Unaweza kunywa kahawa asubuhi Piazza Unità d'Italia, uwanja ambao upande wake mmoja umefunguka moja kwa moja baharini, na baada ya nusu saa ya basi la kawaida ukawa unatembea juu ya majabali, bahari yote iko chini yako. Mpaka wa Slovenia uko kilomita chache tu. Milima ya Alpi inafikika kwa siku moja, kwenda na kurudi.

Venezia ni mji wa kutazamwa, na msongamano wake unajulikana. Trieste ni mji wa watu wanaoishi na kufanya kazi, malazi yake ni nafuu zaidi, na wenyeji wenyewe ni watembeaji wakubwa. Siku ya Jumapili yenye jua utawakuta wazee wa miaka 70 wamevaa viatu vya mlimani ndani ya basi, fimbo mkononi. Hakuna anayekushangaa ukipanda na begi mgongoni.

Historia nayo imechangia. Mji huu ulikuwa chini ya ukoo wa Habsburg tangu 1382 hadi 1918, na ndio uliokuwa bandari kuu ya milki ya Austria. Reli ya kutoka Vienna ilifika hapa mwaka 1857. Reli nyingine ndogo zilizojengwa baadaye kuvuka Carso zilikufa, na mojawapo leo ni njia nzuri ya baiskeli ambayo nitaieleza hapa chini.

## Nitafikaje, na nikae upande gani?

Uwanja wa ndege wa Trieste uko Ronchi dei Legionari, na tangu 2018 una kituo chake cha treni; hadi mjini ni kama nusu saa. Wengi wetu hata hivyo hutua Venezia au Milano kwa sababu tiketi kutoka Afrika Mashariki hupatikana kwa urahisi zaidi, kisha huchukua treni. Kutoka Venezia Mestre ni kama saa mbili, na dakika za mwisho treni inapita juu ya bahari kando ya majabali. Kaa upande wa kulia.

Kaa katikati ya mji, karibu na kituo cha treni au Piazza Oberdan. Mabasi mengi ya kwenda Carso huanzia hapo. Kupanga chumba kijijini huko juu kunavutia kwenye picha, lakini jioni mabasi ni machache na utajikuta unaitazama saa badala ya kuitazama bahari.

## Nahitaji gari?

Huhitaji. Tiketi za basi huuzwa kwenye maduka ya sigara yenye alama ya herufi T, na kwa simu pia. Ukishapanda, igonge tiketi kwenye mashine papo hapo, maana mkaguzi akikukuta nayo haijagongwa ni faini hata kama umeilipia. Jumapili na sikukuu mabasi hupungua sana, kwa hiyo piga picha ya ratiba kituoni unaposhuka, hasa ratiba ya kurudi.

Kuna pia tramu ya Opicina, iliyoanza kazi mwaka 1902, ambayo kwenye mteremko mkali husukumwa na kibehewa kinachovutwa kwa waya. Ni safari nzuri, lakini imekuwa ikisimama kwa muda mrefu na kurejea, kwa hiyo hakikisha kama inafanya kazi. Isipokuwepo, basi litakufikisha pale pale.

Ukitazama ramani usichanganyikiwe na majina mawili mawili. Vijiji vingi vya Carso ni vya watu wanaozungumza Kislovenia, na vibao vimeandikwa lugha zote mbili: Opicina ni Opčine, Duino ni Devin, Sistiana ni Sesljan, Bagnoli ni Boljunec. Ni mahali pamoja.

## Huu upepo uitwao Bora ni wa kuogopa kweli?

Ni wa kuheshimiwa, na ndio utakaokupangia ratiba kuliko mvua.

Bora ni hewa baridi na nzito inayojikusanya bara, upande wa Slovenia, kisha hupenya kwenye pengo kati ya milima na kumwagika kutoka uwandani hadi baharini. Huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Sisi wa pwani tumezoea kaskazi na kusi, pepo zinazokaa miezi na kukuachia nafasi ya kujipanga. Bora huja kwa mikupuo: dakika moja kimya, dakika inayofuata umesukumwa hatua tatu pembeni. Mikupuo inayozidi kilomita 100 kwa saa wakati wa baridi ni jambo la kawaida, na ile mikubwa imepita 150. Februari 2012 ulivuma karibu wiki mbili mfululizo, na maji ya bahari yaliyorushwa juu ya gati yakaganda kuwa barafu.

Kwenye baadhi ya mitaa yenye mteremko, zamani zilikuwa zikifungwa kamba ukutani ili watu washikilie. Siku hizi utaona pikipiki zimelala chini kwa safu, mapipa ya taka yanasafiri peke yake barabarani, na mama mwenye mifuko ya sokoni amekumbatia nguzo ya taa akingoja mkupuo upite, kisha anaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa mtembeaji, kanuni ni rahisi. Siku ya Bora kali usiende kwenye kingo za majabali: Napoleonica na njia ya Rilke, ambazo nitazieleza hapa chini, ziache. Usiingie baharini na kayaki hata maji ya ufukweni yakionekana yametulia, kwa sababu upepo unatoka nchi kavu na utakupeleka katikati ya ghuba. Siku hiyo nenda pangoni. Jambo jema ni kwamba Bora ya mawingu ikishageuka kuwa Bora ya anga safi, hewa inakuwa angavu hivi kwamba ukiwa gatini mjini, pale Molo Audace, unaiona theluji ya Alpi ng'ambo ya bahari.

## Nije mwezi gani?

Mei na Juni kwa kutembea. Oktoba kwa macho: kichaka cha sommaco kinachofunika Carso hubadilika kuwa chekundu, na uwanda mzima unawaka rangi. Jumapili ya pili ya Oktoba kuna Barcolana, mashindano ya mashua za tanga yaliyoanza 1969 kwa mashua 51. Mwaka 2018 zilijiandikisha 2,689, idadi iliyoingia kwenye vitabu vya rekodi za dunia. Wiki hiyo malazi hujaa mapema, lakini kuyatazama matanga kutoka juu ya jabali hakulipiwi.

Julai na Agosti ni bahari tu. Kule juu kwenye mawe joto hupiga na kivuli ni haba.

Desemba na Januari inawezekana, ila jua linakuzamia. Katikati ya Desemba linatua kama saa 10 na dakika 20 jioni. Mtu aliyekulia karibu na ikweta, ambako jua halibadilishi mazoea yake mwaka mzima, husahau jambo hili na kujikuta porini gizani. Juni, kwa upande mwingine, mwanga upo hadi karibu saa 3 usiku.

## Sijawahi kutembea milimani. Nianzie wapi?

Anza na Napoleonica. Panda basi au tramu hadi Obelisco, kabla kidogo ya Opicina, na mbele yako kuna njia pana, tambarare, inayofuata ubavu wa jabali kuelekea kijiji cha Prosecco. Ni kama kilomita 4 hadi 5. Kina mama wanasukuma vigari vya watoto, wazee wanatembeza mbwa, na juu ya vichwa vyao wapandaji wananing'inia kwa kamba kwenye mwamba mweupe. Chini yako ni mji, bandari na ghuba yote. Ukitaka kuongeza, panda hadi kanisa la Monte Grisa, jengo la saruji la pembetatu la miaka ya 1960 linaloonekana kutoka kila mahali. Watu wengi hawalipendi. Mimi nalipenda kwa sababu ukiwa umepotea linakuonyesha uliko.

Ya pili iwe njia ya Rilke, kati ya Sistiana na Duino, kilomita 2 tu. Imepewa jina la mshairi Rainer Maria Rilke aliyekuwa mgeni katika kasri la Duino na kuanza kuandika hapo tenzi zake za Duino mwaka 1912. Njia inapita ukingoni kabisa. Chokaa imechongwa na mvua ikawa visu na mifereji, na katikati ya mawe kuna misonobari na mialoni mifupi. Tembea polepole, simama kila penye uwazi, na utazame chini kwenye kuta za jabali: kozi huweka viota humo. Watoto washikwe mkono, maana kuna sehemu ambazo uzio ni wa mbao tu.

## Na kwa aliyezoea?

Val Rosandra, bila kusita. Ndiko ningemkimbizia mtu mwenye siku moja na miguu mizuri.

Carso karibu yote haina mto juu ya ardhi. Chokaa imejaa nyufa, maji ya mvua yanazama, mito inatiririka chini kwa chini. Mto Timavo huzama kwenye mapango ya Škocjan upande wa Slovenia na kuibuka tena San Giovanni di Duino, karibu na bahari, baada ya takriban kilomita 40 gizani. Val Rosandra ndilo bonde pekee la Carso ya Trieste lenye mto unaoonekana, na mto huo umekata korongo lenye kuta za mawe pande mbili.

Unashuka basi Bagnoli, unapita kijiji na chemchemi, kisha nyumba ya wapanda milima ya Premuda, ambayo iko kwenye mita 80 na kitu juu ya bahari na ndiyo ya chini kuliko zote za chama cha wapanda milima cha Italia. Ndani ya bonde utaona mabaki ya mfereji wa Warumi uliopeleka maji mjini karne ya kwanza. Njia inapanda taratibu, mto unasikika upande mmoja, mpaka mahali pa kutazama maporomoko ya maji ya mita 30 na zaidi. Mbele ni Bottazzo, nyumba chache za mawe karibu na mpaka. Ukitaka mzunguko kamili, panda hadi kikanisa cha Santa Maria in Siaris kilichojibandika kwenye mwamba, kisha urudi kwa njia ya reli ya zamani juu ya bonde, ukipita kwenye mahandaki yake. Hesabu saa nne hadi tano pamoja na kupumzika.

Hapa ndipo Emilio Comici, kijana wa Trieste aliyezaliwa 1901, alipoanzisha mwaka 1929 shule ya kwanza ya kukwea miamba nchini Italia. Mwaka 1933, pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Dimai, alipanda uso wa kaskazini wa Cima Grande di Lavaredo, ukuta ambao hakuna aliyekuwa ameuweza. Alijifunzia kwenye mawe haya haya, na hadi leo kozi za kukwea hufanyika bondeni. Kama hujawahi kufunga kamba, nenda na mwalimu mwenye leseni. Mwamba umeshikwa na mikono mingi kwa miaka karibu mia moja, na sehemu nyingine unateleza kama sabuni.

## Mapango yapi yanafaa?

Grotta Gigante lipo dakika chache kutoka Opicina, na basi namba 42 hufika karibu. Limefunguliwa kwa wageni tangu 1908. Unashuka ngazi 500 hivi na kupanda nyingine 500 hivi, ukiwa ndani ya chumba kimoja chenye kimo cha karibu mita 100. Joto ni nyuzi 11 mwaka mzima, kwa hiyo Agosti beba sweta. Aliyewahi kuinama kwenye mapango ya Amboni kule Tanga, ambayo nayo ni ya chokaa, atapata kipimo cha ukubwa wa hapa akitazama juu. Katikati zimening'inizwa pendulo ndefu kutoka darini hadi sakafuni, zilizofungwa mwaka 1959 kupima jinsi ardhi inavyojikunja kwa mvuto wa mwezi na jua. Zilinasa hata tetemeko kubwa la Chile la 1960.

Ukiweza kuvuka mpaka, Škocjan ni kubwa zaidi moyoni. UNESCO iliyaweka kwenye orodha yake mwaka 1986. Humo kuna korongo la chini ya ardhi, mto unanguruma kizani, na daraja linalopita juu yake kwa makumi ya mita. Unashuka treni Divača na kutembea kama kilomita 3 porini hadi mlangoni.

## Kuogelea je? Na kwa mwanamke asiyetaka kuchanganyika na wanaume?

Ufukwe wa hapa hauna mchanga. Watu hulala kwenye saruji na mawe ya Barcola, kilomita kadhaa za barabara ya ufukweni kuelekea kasri la Miramare, na hawalipi chochote. Basi namba 6 linapita hapo hapo. Majukwaa ya duara yaitwayo Topolini ndiyo yenye vijana wengi; ukitaka utulivu endelea mbele. Maji hupanda na kushuka kama mita moja tu, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja maji kujaa. Viatu vya mpira ni muhimu.

Kwa swali la pili, mji huu una jibu ambalo wengi hawalitarajii. Bafu la bahari la La Lanterna, ambalo wenyeji huliita Pedocin, liko hatua chache kutoka katikati ya mji na lina ukuta mweupe unaoingia hadi majini: wanawake na watoto wadogo upande mmoja, wanaume upande mwingine. Limekuwa hivyo tangu mwaka 1903. Kila lilipozuka wazo la kuubomoa ukuta, wanawake wa Trieste wenyewe wamelikataa. Kiingilio ni kidogo sana. Dada zetu wanaotokea Zanzibar, Lamu au Muscat huogelea hapo kwa raha, na nimesikia zaidi ya mmoja akisema ndiyo sehemu aliyoipenda kuliko zote.

Maji yaliyo mbele ya kasri la Miramare ni hifadhi ya bahari tangu 1986, inayosimamiwa na WWF. Huruhusiwi kuingia humo peke yako, lakini kiangazi kuna matembezi ya kuogelea na miwani pamoja na mwongozaji. Jiandikishe mapema.

## Nataka kuendesha baiskeli.

Njia ya Giordano Cottur ndiyo ya kwanza. Inaanzia mtaa wa San Giacomo na kufuata reli iliyofunguliwa 1887, kama kilomita 12 hadi Draga Sant'Elia, kisha inaingia Slovenia. Kwa kuwa treni haziwezi miinuko mikali, mteremko wake ni wa upole mwanzo hadi mwisho. Pumzi ya kawaida inatosha. Cottur alikuwa mwendesha baiskeli wa mji huu aliyeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya Giro d'Italia mara tatu, 1940, 1948 na 1949. Kurudi ni kushuka tu, bahari ikiwa mbele yako. Piga kengele kabla ya mahandaki, watembea kwa miguu wamo.

Mwenye siku nyingi aitazame Parenzana, reli nyembamba ya 1902 hadi 1935 iliyotoka Trieste hadi Poreč, ambayo leo ni njia ya baiskeli ya kilomita 123 kupita nchi tatu.

## Alpi zinafikika kweli kwa siku moja?

Zinafikika, kama utaamka. Treni hadi Udine, nyingine hadi Tarvisio, kwenye kona ya Italia, Austria na Slovenia. Karibu na Tarvisio kuna maziwa mawili ya Fusine, kijani kibichi chini ya ukuta wa mlima Mangart, na mzunguko wake hauhitaji ujuzi wowote. Kutoka Camporosso gari la waya linapanda hadi Monte Lussari, karibu mita 1,800, kijiji kidogo chenye kanisa la mahujaji. Mei bado kuna theluji kwenye njia za juu. Usifike na raba za mjini.

Ukija kwa ajili ya skii, fahamu kwamba tangu Januari 2022 sheria ya Italia inataka uwe na bima ya kumlipa mwenzako ukimwumiza. Huuzwa pamoja na tiketi ya kupandia.

Ushauri wangu ni huu: siku mbili za kwanza usiende Alpi. Wageni wengi hukimbilia theluji, wakatumia saa sita ndani ya treni, na wakaondoka bila kuijua Carso iliyo juu ya vichwa vyao.

## Naweza kuvuka mpaka kwa miguu na pasipoti ya Tanzania au Kenya?

Slovenia imo Schengen tangu 2007 na Kroatia tangu 2023, kwa hiyo viza halali ya Schengen inakutosha kote. Lakini Italia ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wa Slovenia Oktoba 2023, na polisi wanaweza kukusimamisha barabarani, ndani ya basi au hata kwenye kijia cha porini. Beba pasipoti yenyewe. Picha kwenye simu haitoshi. Kama umehamia Italia na bado unasubiri kibali cha kuishi, huku mkononi una risiti tu, uliza ofisi iliyokupokea kabla hujavuka.

## Nitakula nini huko vijijini?

Tafuta osmiza. Tangu amri ya Kaisari Joseph II ya mwaka 1784, wakulima wa hapa wanaruhusiwa kuuza nyumbani kwao kile walichozalisha wenyewe, mwanzoni kwa siku 8 tu kwa mwaka. Leo ni siku nyingi zaidi, ila si kila siku, na kila nyumba ina zamu yake. Kwenye njia panda utaona tawi la majani mabichi limetundikwa pamoja na mshale mwekundu. Fuata mishale hadi uani kwa mtu: benchi ndefu, mzabibu juu, kuku pembeni. Mayai ya kuchemsha, jibini, mkate, zeituni, mboga za siki.

Nyama zote pale ni za nguruwe, na kinywaji ni mvinyo. Kwa Mwislamu mayai na jibini vinabaki, na hakuna atakayekukasirikia ukiomba maji. Supu ya jota, ya maharage na kabichi iliyochachushwa, mara nyingi huwekwa nyama hiyo hiyo, kwa hiyo uliza. Mjini, agiza sardoni za kukaanga, samaki wadogo wa jamii ya dagaa wanaovuliwa hapa hapa ghubani.

## Nibebe nini, na nijihadhari na nini?

Maji, kwanza. Nimeeleza kwamba Carso karibu yote haina mto juu ya ardhi. Hutapata pa kujaza chupa kati ya kijiji na kijiji. Viatu vyenye soli ngumu, kwa kuwa chokaa hukata na ikilowa huteleza. Koti la upepo hata kama anga ni safi. Njia zimechorwa alama za rangi nyekundu na nyeupe kwenye mawe na miti. Ukitembea robo saa bila kuiona, rudi ulikotoka.

Kupe ndio adui halisi, kuanzia machipuko hadi vuli. Hubeba ugonjwa wa Lyme na uvimbe wa ubongo. Vaa suruali ndefu, na jioni jikague nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni. Nyoka mwenye kipembe puani yupo na ana sumu, lakini hukimbia akisikia kishindo. Usiingize mkono kwenye nyufa za mawe. Moto ni jambo kubwa wakati wa ukame: Julai 2022 uwanda uliungua pande zote mbili za mpaka, hadi barabara kuu na reli zikafungwa. Usiwashe chochote porini.

Na kuna mabaki ya vita. Carso ilikuwa mstari wa mapigano kati ya Italia na Austria, 1915 hadi 1917, na mahandaki ya askari bado yapo, hasa mlima Hermada karibu na Duino. Yatembelee, ni mahali pa kutulia na kufikiri; makaburi ya Redipuglia hapo jirani yana wafu zaidi ya laki moja. Ukiona chuma cha ajabu ardhini, usikiguse.

Namba ya dharura ni 112, pamoja na ya uokoaji wa milimani.

## Ni kweli Richard Burton, yule wa Ziwa Tanganyika, aliishi hapa?

Kweli. Mwingereza huyu, aliyefika Ujiji mwaka 1858 akiwa na Speke na akiongozwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay, aliletwa Trieste kuwa konsuli mwaka 1872 na akafia hapa Oktoba 1890. Alipenda kupanda Opicina kupumua hewa ya juu na kuandika. Huko ndiko unakoianzia Napoleonica, na nikipita pale na wageni kutoka Tabora au Kigoma huwatajia Bombay kwanza.

## Nimekuja ICTP kwa semina na nina Jumapili moja tu. Nifanyeje?

Wasomaji wengi wa Kiswahili hapa Trieste wamefika kwa njia hiyo. Kituo hicho cha fizikia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, kiko Miramare, na wanahisabati na wanafizikia wa vyuo vyetu wamekuwa wakipita humo kwa miongo. Bahati yako ni kwamba uko tayari katikati ya mambo: kasri na msitu wake ni jirani zako, na vijia vya ngazi vinapanda kutoka pwani hadi Contovello na Prosecco.

Jumapili panda basi saa 2 asubuhi kwenda mjini, kisha jingine hadi Obelisco. Tembea Napoleonica yote hadi Prosecco. Nunua mkate na matunda Jumamosi, maana maduka ya vijijini huenda yakawa yamefungwa. Kama kuna tawi na mshale barabarani, kula hapo. Pitia Contovello, ukashuke ngazi kati ya mashamba ya mizabibu hadi Grignano. Kama ni kati ya Juni na Septemba, vua viatu uingie majini. Kwa mwendo wa kawaida utakuwa umefika saa 8 mchana, na aliyelala mjini atapata basi namba 6 la kurudi hapo hapo Grignano.